Kengele Zilizokataa Kulia kwa Swaleh

Jamani, aibu hii kuificha siwezi, maana walioiona kwa macho yao ni watu thelathini na kitu, na mmoja wao ni Shangazi Mwanaisha, ambaye ukimnong'oneza jambo asubuhi, kufika adhuhuri limeshavuka feri. Kwa hivyo bora mulisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika, nilisimulie nitakavyo, na nicheke mimi kwanza kabla yenu.

Mimi ni Rukia, nauza kanga Biashara Street, na wanaonijua wajua kwamba neno "labda" sikuzaliwa nalo. Mteja akiniuliza rangi hii yachuja, namwambia haichuji, na haichuji (na ikichuja, basi ni sabuni yake). Sasa kitu ambacho watu hawakitarajii kwa mwanamke wa makamo mwenye buibui ni kwamba mimi ni mtu wa roki. Si roki yoyote. Ni albamu moja tu ya zamani, jina lake sitalitaja, maana wenyewe nimeshawasingizia vya kutosha, ambayo nimeisikiliza tangu sijaota meno ya utu uzima mpaka leo naanza kuyapoteza.

Niliipata kwa baba. Baba yangu, marehemu Omari, alikuwa karani bandarini, na siku moja baharia mmoja alimwazima santuri hiyo kwa siku moja tu, akaja nayo nyumbani, akainakili kwenye kaseti, kesho yake akairudisha. Baba alifariki nikiwa na miaka minane. Uso wake ninao kwenye picha mbili, kofia yake ninayo, mwendo wake naukumbuka, lakini sauti yake, niseme kweli, ilishanitoka zamani sana. Kilichobaki kwa sauti ni ile kaseti, na mle ndani wanaimba Wazungu.

Lakini wanaimba! Mukiisikia mutanielewa. Ngoma na besi zinakwenda kifanki, zile za kukutikisa mabega kabla hujaamua kutikisika, na juu yake gitaa linalia, linabembeleza, linagomba. Na upande wa pili kuna wimbo mmoja mrefu, mrefu wa kuivisha wali, ambao wanauanza vizuri, halafu katikati wanauacha kabisa, kila mtu anashika njia yake, anabuni papo hapo, mpaka wewe msikilizaji unasema masikini hawa wamepotea, kumbe walikuwa wanazunguka tu, mara wote wanarudi pamoja kwenye pigo moja, na malaika ya mikononi yanakusimama. Hapo ndipo wanamuziki hujulikana nani ni nani.

Na katikati ya huko kupotea kwao kulikuwa na mambo mawili niliyoyapenda kuliko yote. La kwanza, kengele. Gitaa likishapanda mara tatu, zinaingia kengele ndogo za shaba, ti-ti-tin, ti-ti-tin, hazifuati ngoma hata kidogo, zinakuja kwa mbali, zinakaribia, zinakwenda zake. La pili, pigo. Kunakuwa na minong'ono kidogo (mimi nikisema ni wanamuziki wanahimizana), halafu dup! Pigo moja zito, na wimbo wote unaruka unakwenda mahali pengine kabisa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwaambia watu: mpiga ngoma aliyethubutu kukata wimbo namna ile hajazaliwa wa pili wake. Binti yangu nimemchosha kwa hadithi hiyo, majirani nimewachosha, wateja walikuwa wakinunua kanga haraka ili watoke.

Basi, Mji wa Kale kuna mkahawa wa Swaleh, na Swaleh ni kijana wa watu anayependa mashine za muziki za zamani. Kila Jumamosi baada ya alasiri watu hukusanyika kwake kusikiliza santuri. Mmoja anachagua albamu, anasimama, anawaeleza wenzake wasikilize nini, inapigwa, watu wanajadili juu ya kahawa na kaimati. Mwenyekiti wa kikao alikuwa amehamia Malindi, kiti kikawa wazi, na waliotajwa ni wawili: mimi, na Bwana Kilonzo, fundi mstaafu wa reli anayekaa Tudor, mtu wa bara, mpole, asiyesema mpaka aulizwe. Kile kiti nilikitaka, jamani. Nilikitaka mpaka usingizi ukanikimbia. Maishani mwangu nimekuwa binti ya fulani, mke wa fulani, mama fulani, Rukia wa kanga, na nilitaka mara moja tu niwe mtu anayesikilizwa kwa ajili ya kitu anachokijua.

"Bi Rukia, Jumamosi hii ni yako," Swaleh akaniambia. "Ukituridhisha, wanakikao wamekubali kiti ni chako."

Sasa hapa ndipo nilipojikwaa. Jumatano Bwana Kilonzo alikuja dukani, amekumbatia mfuko. Akatoa santuri. Ndiyo yenyewe! Mara yangu ya kwanza kuliona kasha lake: picha ya mashine ya kufulia nguo iliyoachwa katikati ya shamba la mahindi (musiniulize maana yake).

"Nimesikia utazungumzia hii," akasema. "Ninayo santuri yenyewe. Nilifikiri labda ungependa kuisikiliza kwanza kule kwa Swaleh, hata leo jioni, ujitayarishe."

Mtu mwingine angesema ahsante. Mimi nikaona huyu bwana anataka kunipima, au anataka iwe yeye ndiye aliyenisaidia, kesho aseme bila mimi Rukia asingeweza. Nikajifunga kanga vizuri nikamwambia: "Bwana Kilonzo, mimi albamu hii nimelelewa nayo. Nijitayarishe nini? Wewe njoo nayo Jumamosi, iweke kwenye mashine, kusema niachie mimi."

"Hakika?"

"Hakika kabisa."

Akarudisha santuri mfukoni, akaniaga kwa adabu. Jioni binti yangu naye akaniambia, mama, albamu yako iko kwenye simu, hebu tuisikilize. Nikamwambia simu ni ya kupigia watu, muziki una vyombo vyake. Kwa hivyo mara mbili kwa siku moja Mungu aliniletea mlango, na mara mbili niliufunga kwa mkono wangu.

Jumamosi ikafika. Dera jipya, udi, wanja, na karatasi kubwa ya manila niliyoiandika kwa kalamu nyekundu: KENGELE, na chini yake, PIGO. Nusu ya Biashara Street nilikuwa nimeialika, na mstari wa mbele nilimkalisha Shangazi Mwanaisha, dada yake baba, ambaye muziki huo hakuupenda tangu zamani, lakini nilimwambia aje aone mtoto wa kaka yake akivikwa ukubwa. Akaja na akaomba sahani ya kaimati, akaanza kusinzia kabla sijafungua mdomo.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri, tena vizuri hasa, nisijinyime haki yangu. Nilisema besi iingie, ikaingia. Nilisema gitaa litagomba, likagomba. Watu walitikisa vichwa, Swaleh akanifinyia jicho, na Bwana Kilonzo alikaa kimya pembeni na miwani yake akisikiliza. Nikajiona tayari niko kwenye kiti.

Swaleh akageuza santuri. Wimbo mrefu ukaanza, wakauacha, wakaanza kupotea kama kawaida yao. Nikasogea mbele.

"Sasa ndugu zangu," nikasema, "hapa ndipo utajua nani ana masikio. Zinakuja kengele za shaba. Gitaa linapanda mara tatu, halafu kengele. Nataka tuzipokee pamoja, kwa hivyo nikisema sasa, kila mtu anyanyue mkono juu!"

Gitaa likapanda mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Sasa!"

Mikono thelathini ikaenda juu. Hata mwenye kikombe aliweka kikombe. Hata Shangazi, aliyeshtuka usingizini, alinyanyua mkono wenye kaimati. Na kengele hazikuja.

Nikasema zimechelewa kidogo. Tukangoja. Gitaa likaendelea na mambo yake, ngoma zikaendelea, na watu wazima wamekaa mkahawani mikono juu kama waliovamiwa na majambazi. Mzee mmoja nyuma akauliza, "Bi Rukia, tushushe au bado?"

"Bado!" nikamjibu, tena kwa ukali.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikakumbuka kwamba pigo liko njiani, nikasema kimoyomoyo hilo litaniokoa. "Na hili pigo lake, sikilizeni!" nikapaza sauti, na wakati wake ulipofika nikagonga meza kwa ngumi kusindikiza. Dup! Vikombe vikaruka, kahawa ikamwagikia karatasi yangu ya manila, na wimbo kwenye mashine ukapita taratibu bila kuruka popote. Dup ilikuwa yangu peke yangu.

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani, nimechanganya. Mimi nikamwambia Swaleh arudishe sindano nyuma. Akarudisha. Hakuna kengele. Nikasema sindano imechoka. Akasema ni mpya. Nikasema basi ni spika. Akaniangalia tu, maana zile spika ni kama watoto wake. Watu wakaanza kuchekea kwenye visahani, nami nikiona watu wanacheka ndipo huzidi, nikamgeukia Bwana Kilonzo.

"Kwani santuri hii uliinunua wapi?"

"Nairobi. Nikiwa kijana."

"Basi pole sana, Bwana Kilonzo. Uliuziwa ya bandia."

Yule bwana wa watu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bi Rukia," akasema, hata hakupandisha sauti, "hii santuri naisikiliza tangu sijaoa. Hakuna kengele humu."

"Zipo! Na ushahidi ninao!"

Nikafungua mkoba. Ile kaseti husafiri nayo kila mahali, nimeifunga kwenye kipande cha kanga, ni hirizi yangu. Swaleh, kwa kuwa hakuna mashine asiyokuwa nayo, akatoa deki ya kaseti, akaiunga kwenye zile spika zake zinazonizidi kimo. Nyumbani mimi nasikilizia kiredio chenye spika moja iliyopasuka, sijawahi kuisikia kaseti yangu kwenye kitu kama kile. Nikasimama mikono kiunoni.

"Ongeza sauti," nikasema. Akaongeza. "Ongeza tena, wasije wakasema hawakusikia."

Muziki ukaja, lakini ulikuja kwa mbali, kama unaotoka chumba cha pili. Halafu akalia kunguru. Bwana Kilonzo akatazama dirishani. Dirishani hapakuwa na kunguru. Kunguru alikuwa ndani ya spika. Mbwa akabweka, mlango ukafungwa mahali, mwanamke akamwita mwenzake kutoka juu ya nyumba, na mimi bado nimesimama mikono kiunoni. Gitaa likapanda mara tatu.

Ti-ti-tin. Ti-ti-tin. Ti-ti-tin.

Jamani, mimi ni mzaliwa wa hapa. Kila mtu aliyekuwamo mle ni mzaliwa wa hapa au amekaa hapa vya kutosha. Ile sauti haikuhitaji mtu wa kuieleza. Ni vikombe vya muuza kahawa, anavyovigonganisha kiganjani akipita vichochoroni na dele lake la kahawa ili watu wajue amefika. Kumbe baba hakuwa na waya wa kunakilia. Aliiweka redio kaseti mbele ya spika, dirisha wazi, mtaa mzima ukaingia ndani.

"Bi Rukia!" yule mzee wa nyuma akapiga kelele, "huyo mpiga kengele wako auza kahawa!"

Mkahawa ulipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakainamia meza, Swaleh aligeukia ukutani mabega yanamtikisika, nami nilitamani ardhi ya Mji wa Kale ifunguke niingie, mimi na manila yangu. Kiti kilikuwa kimeshakwenda, hilo nililijua. Nikanyoosha mkono nizime mashine.

"Nyamazeni!" Ni Shangazi. Amesimama, kaimati imemdondoka. "Nyamazeni nyote! Rukia, usiguse!"

Wakanyamaza. Na ile minong'ono, ile niliyoihubiri kwamba ni wanamuziki wanahimizana, ikatoka kwenye zile spika kubwa wazi kabisa, sauti ya mwanamume, ya karibu, ya upole:

"Rukia. Rukia, wata. Wata, mwanangu, utaikwaruza sant..."

Dup!

Wimbo ukaruka. Mtoto akacheka. Na yule mwanamume naye akacheka. "Haya, ushaigonga. Ndoo. Ndoo hapa tusikilize."

"Huyo ni Omari," Shangazi akasema. "Huyo ni kaka yangu. Na kahawa ni ya mzee Faraji, alikuwa akipita kwetu kila alasiri."

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa, kwenye sakafu, na dera langu jipya, nikalia mbele ya watu wote niliowaalika waje wanione nikiwa mkubwa. Miaka arobaini na kitu nimemtafuta baba kwenye picha, na muda wote alikuwa akiniita kwa jina langu, na mimi nikiwaambia watu ni Wazungu.

"Rudisha," Shangazi akamwambia Swaleh.

Swaleh akanyoosha kidole kwenye kitufe, na Bwana Kilonzo akamzuia. "Ngoja. Utepe ni mzee, mashine itaukata." Akaitoa kaseti mwenyewe, akachomoa penseli mfukoni mwa shati, akaitia kwenye kile kigurudumu, akaanza kuurudisha kwa mkono, polepole, mtu ambaye dakika tano nyuma nilikuwa nimemwita mjinga aliyeuziwa kitu bandia. Ilichukua muda. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyeagiza kitu. Akauliza tu, bila kuinua macho, "Wata maana yake nini? Na ndoo?"

"Acha, na njoo," nikamjibu. "Ni Kimvita. Aliniambia niache."

"Na hukuacha," akasema.

Kaseti ikapigwa tena. Kunguru, mlango, gitaa mara moja, mara mbili, mara tatu. Na vikombe vya mzee Faraji vilipoanza, Bwana Kilonzo akanyanyua mkono wake juu. Yule mzee wa nyuma akanyanyua wake. Halafu wote, mkahawa mzima, mikono juu, kimya, kama nilivyowafundisha.

Kiti alipewa Bwana Kilonzo, na ni haki yake. Nilimwomba radhi mbele za watu, nikamwambia santuri yako ni halali na mimi ndiye bandia, akacheka. Swaleh ameinakili kaseti kwenye kompyuta yake, Shangazi anayo kwenye simu, na anawasikilizisha watu mpaka hospitalini akingojea daktari. Wauza kahawa nao wameshapata habari. Kila anayepita mbele ya duka langu lazima agonge vikombe mara tatu, na majirani wananyanyua mikono.

Kwa hivyo naapa mbele yenu: sitasimama tena kuwaeleza watu kitu nilichokataa kukisikiliza kwanza, na anayeniletea msaada dukani nitamwambia ahsante na kiti nimpe akae. Lakini ile albamu, wallahi, bado nasema ya kwetu ni bora kuliko ya Bwana Kilonzo, maana ile yake ni safi mno, haina mtu ndani. Na mukiniuliza nani anapiga ngoma mle, nitawajibu kwa uhakika wangu ule ule: mpiga ngoma simjui, lakini lile pigo la katikati ni langu.